Wafagiaji Ndani ya Mzee Kulwa

Mkasi uligoma.

Nilikuwa nimeufikisha kwenye mshipa mkuu, ule unaotoka juu ya moyo na kujikunja kama mpini wa mwavuli kabla ya kushuka tumboni. Nikakaza mkono. Kitu kikavunjika ndani ya nyama kwa mlio mkavu, kama ganda la yai linapokanyagwa, nami nikajikuta nimerudi nyuma, mikono juu, kana kwamba marehemu ndiye aliyelalamika.

Mimi si mwoga wa maiti. Nimekaa nao muda mrefu na hawajawahi kunikosea adabu, jambo ambalo siwezi kulisema kwa walio hai. Nilichokiogopa ni ule mlio. Chuoni tulikuwa na mwalimu mzee aliyetuita wote tuinamishe masikio juu ya meza yake, akakata, akasema sikilizeni vizuri, huenda msiusikie tena. Ni mlio wa mafuta yaliyoganda kwenye ukuta wa mshipa mpaka yakawa chokaa. Na serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba chokaa ya mishipa imekwisha nchini, kama ndui.

Mzee Kulwa alikuwa na wafagiaji. Nani hana? Ukifika miaka arobaini unaitwa zahanati, unadungwa sindano moja, na vijidudu vya chuma vidogo kuliko chembe ya damu vinaanza kazi ya kufagia mafuta mishipani mwako mpaka unakufa. Bangili mkononi huzungumza navyo na kukuonyesha hali. Ndiyo maana Dodoma nzima inakula nyama choma na maini ya kukaanga bila kumwogopa mtu. Bangili ya Mzee Kulwa ilikuwa bado imemkaa mkononi, pale juu ya meza yangu, ikiwaka kijani: NJIA SAFI.

Nikaufungua mshipa wote kwa urefu na kuulaza. Bangili haikusema uongo. Njia ilikuwa pana, mtu angeweza kupitisha kidole gumba. Lakini ukuta! Ukuta ulikuwa umejaa uji wa manjano na vipande vya chokaa, umevimba kwa nje, na mahali pengine umeliwa ukabaki mwembamba kama utando wa maziwa. Pale ndipo ulipopasuka, damu ikajaa kifuani. Nikaikata na mishipa midogo inayoulisha moyo wenyewe, kipande kwa kipande. Kila mmoja hivyo hivyo: katikati peupe, pembeni uozo.

Nikaweka kipande chini ya hadubini, na hapo nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Wafagiaji walikuwa bado wanafanya kazi. Mwenye mwili amekufa tangu jana, wao wanasukuma. Hawakuwa wanayeyusha mafuta kama tulivyoambiwa. Walikuwa wanayashindilia ukutani, tone baada ya tone, kama mtu anayefagia sebule na kusukuma taka chini ya mkeka. Waliagizwa walinde njia, wakalinda njia. Habari za ukuta hakuna aliyewaagiza.

Nikaweka kiganja juu ya kifua changu mwenyewe. Na mimi ninao.

*

Siku hizi miili haipasuliwi, inasomwa. Bangili ilikuwa imeshatoa sababu ya kifo, uzee, na jeneza lilikuwa limeshaagizwa. Aliyekataa ni ndugu yake, Mzee Doto.

"Dokta," aliniambia asubuhi ile mlangoni mwa mochwari, "mimi na Kulwa tulitoka tumbo moja siku moja. Kama uzee ndio umemuua, mimi nafanya nini hapa? Fungua uangalie."

Nikafungua. Sasa nilikuwa nimejua cha kumwambia, nami niliogopa kutoka nje, kwa sababu pacha yule wa pili alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya ukuta, na mimi nilikuwa nimeshauona mshipa wake bila kumgusa.

Kanuni ilinitaka nimwarifu kwanza msimamizi wa wafagiaji wa mkoa, Dakta Kyaruzi. Uso wake ukatokea ukutani, umetulia, nadhifu. Nilipomwonyesha kipande hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

"Mlikuwa mnajua," nikasema.

"Tumejua tangu mwaka jana. Wa kwanza alikuwa Kigoma, kisha wengine." Akavua miwani. "Dakta Nyemo, nikuulize swali la darasani. Ukuta wa namna hiyo, presha ikipanda ghafla, unafanyaje?"

"Unapasuka."

"Na mtu ukimwambia kwamba ukuta huo anao kifuani mwake, presha yake inafanyaje?"

Nikakirudisha kile kipande kwenye sahani.

"Basi mzidishe mtu huyo kwa nchi nzima," akasema. "Tangazo moja tu la redio, daktari. Tunawabadilishia wafagiaji maelekezo polepole, bila kelele. Itachukua miaka."

"Kwa nini msiwazime?"

"Wakizimwa, yale mafuta waliyoyashindilia yanarudi njiani siku hiyo hiyo. Umewahi kuona shimo la choo likirudisha?" Akavaa miwani tena. "Andika uzee. Sikuombi useme uongo kwa faida yangu. Nakuomba usiue watu."

Akazima. Nikabaki nimesimama na damu ya Mzee Kulwa mikononi. Ningekuwa na raha kama yule bwana angekuwa mwizi au mjinga. Tatizo ni kwamba sikuona alipokosea, na moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka kwenye meno.

*

Kwenye benchi Mzee Doto alikuwa amekaa na shemeji yake, Bi Kalunde, mjane. Mama huyu alikuwa hajafungua kinywa tangu walipofika. Mkononi mwa kila mmoja bangili ilikuwa inawaka kijani.

Nikamshika Mzee Doto mikono yote miwili kumpa pole, na vidole vyangu, kwa mazoea tu, vikatua kwenye mapigo ya vifundo vya mikono yake. Mkono wa kulia ulikuwa unagonga sawasawa. Wa kushoto ulikuwa unakuja kwa uvivu, mwepesi, kama mtu anayebisha hodi asiyetaka kusikika. Nikajua. Mshipa mkuu ulikuwa umeshaanza kuchanika karibu na tawi la mkono wa kushoto. Si siku nyingine. Ni leo.

"Mtani," akasema, "mbona umening'ang'ania? Wagogo mmeanza kuomba hata kwenye mochwari?"

Yeye Mnyamwezi, mimi Mgogo. Tangu babu zake wapite kwetu na mizigo ya pembe vichwani, wakinywa maji ya visima vyetu, sisi ni watani. Mtani hakasirikiwi, na msibani ndipo kazi yake ilipo: kumsema marehemu, kuiba kofia yake, kulia kilio cha uongo, mpaka wafiwa wacheke kidogo wapate nguvu za kuzika. Asiyejibu utani ndiye anayeonekana ana kinyongo. Nikajibu.

"Nilikwenda kumtafutia Kulwa moyo nikauze, nikakuta Wanyamwezi hamna moyo. Mna gunia na kamba yake."

Mzee Doto akacheka. Bi Kalunde akainua uso. Nami nikaona upenyo. Nikafikiri, nikimwambia huku natabasamu, ataisikia kweli bila hofu, presha haitapanda, atanifuata polepole mpaka kwa daktari wa upasuaji. Nilijiona nina akili sana.

"Mzee Doto," nikasema, tabasamu likiwa bado usoni, "mshipa wa ndugu yako umepasuka. Wafagiaji wameula ukuta wake. Na wako ndivyo ulivyo, umeanza kuchanika. Leo usibebe kitu. Nifuate hospitali sasa hivi."

Akamtupia Bi Kalunde jicho. Halafu akapiga paja lake kofi.

"Kalunde, umemsikia? Kaona jeneza ni zito, anatutolea wabebaji mmoja mmoja, ili mwisho tumlipe yeye abebe!"

Na Bi Kalunde, ambaye asubuhi nzima hakuwa ametoa hata chozi, akacheka. Akacheka mpaka machozi yakaja, na machozi yalipokuja yakawa ya kweli, akamlilia mume wake pale kwenye benchi. Mzee Doto akamshika bega. Mimi nikasimama na ukweli wangu uliogeuka kuwa kichekesho, na sikuthubutu kulifuta tabasamu, kwa sababu niliogopa kitakachotokea kifuani mwa yule mzee nikilifuta.

*

Daktari wa upasuaji tuliyesoma naye, Tunsume, nilimkuta kwenye simu akiwa anakunywa chai. Nikamwambia yote. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Mlete," akasema. "Nitamkata kipande kibovu nimshonee bomba la kitambaa. Kazi hiyo sijaifanya tangu nikiwa mwanafunzi, lakini mikono inakumbuka. Nyemo, sikiliza. Asikimbie. Asigombane na mtu. Asiinue kitu kizito, hata ndoo. Na usimtishe."

"Wanazika leo mchana. Yeye ndiye atakayeshika kichwa cha jeneza."

"Basi usimfikishe kwenye jeneza," akasema Tunsume, kana kwamba hilo ni jambo la kuagiza dukani.

*

Makaburi ya Veyula yalikuwa yamejaa. Marehemu alikuwa anapendwa, na alikuwa mnene. Gari lilipofunguliwa nyuma niliona vijana wakitazamana. Nikapita katikati ya watu nikitafuta shati la Mzee Doto. Kila niliyempisha alikuwa na kijani mkononi. Watu wazima wale wote, mashemeji, wajomba, wanakwaya wa Moravian, mchungaji mwenyewe. Nilianza kusikia ule mlio wa ganda la yai kila mtu alipopiga hatua kwenye changarawe, na nikajilazimisha kutazama chini.

Nilimwona. Alikuwa ameshainama mbele ya jeneza, miguu ameitanua, mikono miwili kwenye mshikio. Mshipa wa shingoni umemtoka. Vijana nyuma yake wakaanza kuhesabu, moja, mbili.

Ningepiga kelele ya daktari, angeshtuka. Ningemvuta shati, angeshindana na mimi. Nikafanya kitu kimoja ambacho mtu wa kwetu anaruhusiwa kukifanya pale na hakuna wa kumkataza. Nilikimbia, nikaruka ndani ya kaburi.

Nikiwa hewani ndipo nilipokumbuka kwamba na mimi ninao. Nikatua kwa magoti. Nikabaki nimekumbatia udongo, nasikiliza kifua changu, nikisubiri maumivu yale ya kuchanika ambayo nimeyasoma vitabuni. Hayakuja. Udongo ulikuwa wa baridi na nilikuwa naogopa kama mtoto.

Juu sauti ya mwanamke ikapaa, "Mtani huyo! Mtani kaingia!" na makaburi yote yakalipuka kwa kicheko na vigelegele.

Nikajilaza chali, nikakunja mikono kifuani. "Halali mtu hapa!" nikapaza sauti. "Nyumba hii nimeshahamia. Kulwa akalale kwao Tabora."

"Toka, Mgogo, tukupe mia mbili!"

"Sitaki."

"Mpeni kuku!"

"Kuku mle wenyewe."

Wakapandisha mpaka mbuzi. Mchungaji akatazama jua. Mzee wa ukoo, mkubwa wao wote, akaja ukingoni akaegemea fimbo. Yeye anaijua sheria: mtani akiwa kaburini hatolewi kwa nguvu, na marehemu hashuki mpaka mtani aridhike.

"Sema unachotaka, binti yangu."

"Nataka mpagazi," nikasema. "Walikuwa wawili. Mmoja mmempa Mungu. Mmoja nipeni mimi, sasa hivi, kabla ya mazishi. Doto huyo."

Vicheko vilipanda mpaka nadhani vilifika mjini. Mzee wa ukoo akamgeukia Mzee Doto. "Umechukuliwa. Nenda na bibi yako."

Mzee Doto hakucheka. Alikuwa ameuachia mshikio wa jeneza, amesimama wima. "Niacheni kwanza nimzike ndugu yangu," akasema. "Nikimaliza nitakwenda."

Nilitaka kumwambia ndiyo. Mungu anajua nilitaka. Uso ule ulikuwa ni uso wa Mzee Kulwa niliyemwacha mezani, sasa una macho, unaniomba. "Mtani halipwi kesho," nikasema kutoka shimoni. "Papo hapo."

Akaweka kiganja juu ya jeneza. Akakiacha hapo. Halafu akaja kwenye rundo la udongo ukingoni, taratibu, akaninyooshea mkono wa kulia anitoe, nami nikakataa mkono wake, nikapanda mwenyewe kwa kucha.

*

Gari niliamuru liende polepole na lisipite barabara yenye matuta. Nyuma yetu walikuwa wameanza kuimba; jeneza lilikuwa linashuka bila yeye. Nikamkalisha ameegemea, nikafungua dirisha, nikaanza utani wa njiani, kwamba nitamtuma akanibebee maji kutoka Mtera, kwamba mume wangu ataona wivu.

"Acha," akasema.

Nikaacha.

"Nilikusikia tangu kule mochwari. Mgongo unaniuma tangu alfajiri, hapa, katikati ya mabega. Ulivyonishika mikono ukabadilika rangi, nikajua."

"Ulicheka."

"Kalunde alikuwa amekaa pale. Unataka nifanyeje, nilie mbele yake? Na yeye si anao?" Akafumba macho. "Nilisema nimzike Kulwa, kama ni kuanguka nianguke humo humo, watufunike wote. Wewe ukaruka."

Mkono wangu ulikuwa kwenye mapigo yake ya kulia. Yalikuwa yametulia kuliko yangu.

"Sasa mimi umenidai," akasema. "Wale wengine pale, utawadai kwenye msiba wa nani?"

"Nikiwaambia, hofu itawaua. Wakubwa wamesema hivyo, na sina hakika kama wamekosea. Naogopa, mzee wangu. Naogopa kusema, naogopa kunyamaza."

Akafumbua jicho moja. "Mimi uliniambia asubuhi. Sasa hivi ni alasiri. Nimekufa?"

Tunsume alikuwa anasubiri mlangoni na kitanda. Mzee Doto alipolazwa akanishika kidole, akasema, "Rudi ukawaambie. Bila kutabasamu." Wakamwingiza ndani.

Nilikaa pale nje mpaka nesi alipokuja na ujumbe wa Tunsume: wamewahi, mshipa ulikuwa umebaki na ngozi moja tu, kipande kibovu kimeshatoka na moyo unapiga. Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu nikamshukuru Mungu. Halafu nikamwandikia Dakta Kyaruzi kwamba sitaandika uzee, na kwamba mtu wa kwanza niliyemwambia bado yuko hai. Sikusubiri jibu.

*

Nyumbani kwa marehemu, Nkuhungu, walikuwa wameshakula. Turubai limejaa, masufuria yanaoshwa, watu wamelegea kwa ule uchovu mwema wa baada ya kuzika. Waliponiona getini na gauni langu lenye udongo wa kaburi, pakalipuka shangwe.

"Mtani karudi! Mpagazi umemuuza bei gani?"

"Huyo kaja kumdai na mjane!"

Nikapita mpaka katikati. Nikafuta tabasamu, nikahakikisha kwa mkono kwamba limefutika. "Ndugu zangu," nikasema, "nisikilizeni. Sifanyi utani. Mzee Doto yupo hospitali, amepasuliwa kifua, amepona. Wafagiaji wanakula kuta za mishipa yetu. Mzee Kulwa hakufa kwa uzee. Kila mwenye bangili hapa..."

Walikuwa wameshaanza kucheka tangu niliposema sifanyi utani. Mtani gani hukiri kwamba anatania? Mmoja akaniiga, "Ndugu zangu," kwa sauti ile ile ya kutetemeka, na kundi la nyuma likaanguka kwa kicheko.

"Si utani!" nikapiga kelele. "Wallahi si utani! Na mimi ninao!"

"Utani huyu anaujua," mzee wa ukoo akasema akifuta macho. "Anaujua kweli kweli."

Hofu yote ya siku ile ikanipanda. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikalia. Nililia kwa sauti, kamasi zikanitoka, nikawaomba mmoja mmoja kwa majina. Mgogo mwenzangu mmoja, mama mtu mzima, akaja akapiga magoti kando yangu, akaanza kulia pamoja nami kwa kelele zaidi, akijipigapiga, na mtu akasema kwa sifa kwamba tangu azaliwe hajaona mtani anayejua kulia namna hii.

Bi Kalunde alikuwa amekaa mbele kabisa. Alicheka mpaka akajishika kifua.